Mchomoko Uliohamishwa Pua

Mjomba wangu Shija hana futi wala rula, na saa yake ya mkononi ilisimama zamani. Anaivaa kwa kuuheshimu mkono tu. Lakini maji anayapima. Akifika kwenye drifti, ile sakafu ya zege iliyotandikwa mtoni kati ya kijiji chetu na Dutwa badala ya daraja, anazima gari, anakaa kwenye jiwe lake na kusubiri ng'ombe wavuke. Hatazami pembe wala nundu. Anatazama magoti. Maji yakiishia kwenye goti la dume la kukokota plau, anawasha gari na kupita. Yakizidi goti, anabaki jiweni. Abiria mwenye haraka anaruhusiwa kuogelea.

Alizaliwa baada ya mapacha, ndiyo maana akaitwa Shija, na kila kitu kizuri pale nyumbani kilikuwa kimeshapata wenyewe wawili kabla hajafika. Mapacha walibaki na mifugo. Yeye aliuza ng'ombe wake wote akanunua mchomoko, yaani gari dogo la abiria lenye mgongo mrefu, ambalo huko kiwandani walilikusudia watu watano na mjomba akalikusudia ukoo. Baba yake alikaa msimu mzima wa pamba bila kumsemesha. Alipoanza tena kumsemesha, neno la kwanza lilikuwa hili: "Umeuza ng'ombe zako, halafu kila siku unakaa mtoni unasubiri ng'ombe za wenzako." Mjomba bado analitafuta jibu.

Jina, hata hivyo, alilipata. Masika magari mengine yote yanakomea ng'ambo, upande wa Dutwa, na kugeuza. La Shija linavuka. Wagonjwa, walimu, mbegu za pamba, majeneza, keki ya kipaimara, vyote vimevuka vikavu. Kwa hiyo nesi wa zahanati alipomwambia Gloria, mke wa mjomba, kwamba kwa kuwa Anna, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwa upasuaji basi huyu wa pili ni lazima azaliwe hospitali, Bariadi, na kwamba aende mjini mapema akasubirie huko, hakuna aliyeshtuka.

"Baba Anna yupo," Gloria alimwambia nesi. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jibu la kila kitu.

Kisha akaja Method.

Method ni mdogo wake Gloria. Alikuwa Mwanza akijifunza ufundi wa magari, akarudi na miwani ya jua, ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani, na zawadi ya shemeji iliyofungwa kwenye katoni. Ndani mlikuwa na bomba linalong'aa kama sufuria ya bibi harusi, na chujio jekundu lenye umbo la koni.

"Shemeji, hili gari lako linapumua kwa shida," alisema.

"Mbona halijawahi kulalamika?"

"Limezoea shida. Injini inataka hewa baridi. Hii ya juu, humu kwenye boneti, imeshachemshwa na injini yenyewe. Ya baridi iko chini, nyuma ya bampa."

Mjomba akainama, akachungulia nyuma ya bampa kama vile angeiona hiyo hewa imejikunyata kwa baridi.

Method alifungua boksi jeusi la plastiki lililokaa juu ya injini, lile lenye eya klina, chujio la hewa, ndani, ambako ndiko gari lilikovutia hewa tangu linunuliwe. Akaling'oa. Akafunga bomba lake, akalishusha mpaka chini nyuma ya bampa, na mwisho wa bomba akavalisha ile koni. Gari lilipowashwa lilinguruma kwa sauti ambayo hatukuijua. Mbwa wa jirani aliingia ndani mwenyewe. Dutwa, wanaume waliacha kucheza drafti wakaja kusikiliza, na mjomba akawa anafungua boneti kila kituo hata pale ambapo hakuna aliyemwomba.

Lile boksi jeusi alilichukua mama mkwe wake, Philomena. Alikuwa ameshafika kumsubiri mjukuu, na alifika na kuku. Kuku huyo alikuwa na kazi maalumu: atotoe, vifaranga wakue, mzazi anywe supu. Philomena alilikuta boksi limetupwa karibu na jiko, akaligeuza, akatia majani makavu na pamba mbovu kidogo, na kuku akaingia akakaa kama mwenye hati ya kiwanja.

Hapo kila mtu alikuwa na furaha, ndiyo sababu sikumbuki tulizungumza nini.

Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake tulijaa kwenye mchomoko kama kawaida, mimi nikiwa nyuma nimepakatishwa tenga la mtu. Pembeni yangu alikaa Danford, dereva mwenzake mjomba, ambaye gari lake mwenyewe lilikuwa limelala ng'ambo kwa kuogopa maji. Tulipofika mtoni mjomba akazima, akaenda jiweni. Ng'ombe wakaja. Maji yakawafika gotini, yakaishia hapo. Tulikuwa gari zima na wote tuliyaona yale magoti.

"Goti," mjomba alisema.

"Goti," Danford alithibitisha.

Tukaingia. Gari likanguruma, likakata maji vizuri mpaka katikati, halafu likafanya kitu ambacho sijawahi kusikia gari likifanya. Likapiga funda. Kabisa, kama mzee aliyepewa togwa baada ya palizi. Kisha likanyamaza, na tukausikia mto.

Mjomba akazungusha ufunguo. Ka. Akazungusha tena. Ka.

Sijui kama umewahi kumwona mtu akilitazama gari lake namna ile. Hakukasirika. Alitoa kichwa dirishani, akatazama maji, akawatazama ng'ombe waliokuwa wameshapanda ukingo wa pili, akayatazama maji tena. "Lakini ni goti," alisema, na hakuwa anasema na sisi.

Kwetu gari likizima, hakuna anayeuliza limekula nini. Tunasukuma, ndiyo heshima yetu kwa kila mwenye gari. Basi tukashuka, tukakunja suruali. Danford akachukua uongozi bila uchaguzi: "Shija, weka gia ya pili. Tukisema twende, achia klachi."

Tukasema twende. Mjomba akaachia klachi, na tairi za mbele zikaburuzika kwenye zege bila kuzunguka, kama mbuzi anayekataa kwenda gulioni.

"Limekaza," Danford alisema. "Hii sasa si kazi ya watu. Tufunge ng'ombe. Madume manne na gia ya pili, litawaka lipende lisipende."

Mwenye ng'ombe alikuwa tayari, na minyororo anayo. Ng'ombe walirudishwa. Ndipo mjomba akafungua mlango, akasimama kwenye maji.

"Hapana," alisema. "Wanitoe tu. Gia naiweka huru."

"Wakikutoa na gia itawaka hapo hapo."

"Danford, nimesema gari langu haliwashwi na ng'ombe."

Tulimwelewa wote, maana baba yake angepata habari kabla ya jua kuzama. Madume yakavuta, gari likatoka likiwa limekufa lakini na heshima yake, na mbele kidogo pikapu ya mashine ya kusaga ikalivuta mpaka Dutwa kwa fundi Yakobo.

Yakobo alifungua plagi zote nne akaziweka kwenye kitambaa. "Zungusha," alimwambia mjomba. Mjomba akapiga stata, na kwenye yale matundu ya plagi yakaruka maji. Mengine yalimpata Yakobo kifuani.

"Imekunywa," Yakobo alisema akijifuta.

"Imekunywaje? Maji yalikuwa gotini."

"Hapo sijui. Lakini imekunywa, na shukuru Mungu hukuilazimisha. Hewa inabanika, ngosha. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda kwa nguvu ikakuta maji, kinachopinda ni konrodi, huo mkono unaoishika pistoni. Ikishapinda, inatoboa ubavu wa injini inakuja kukusalimia."

"Tulitaka kuliwasha kwa ng'ombe."

"Ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

Yakobo aliacha kujifuta. "Usingekuja kwangu," alisema. "Ungeenda moja kwa moja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Kwa hiyo injini iliokolewa na aibu. Nimeliwaza sana jambo hilo na sijui linatufundisha nini.

Yakobo akamwaga oili iliyokuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, akatia nyingine, akakausha alichoweza kukausha, na gari likawaka. Lakini maji yalipitia wapi? Yeye alihisi gasketi ya silinda hedi. Akaikagua, nzima. Alikuta unyevu ndani ya lile bomba linalong'aa, akasema injini imetapikia huko. Koni yenyewe hakuiona, imejificha nyuma ya bampa. Bomba aliliona, ila alikuwa anamuuliza mjomba kama Method anaweza kumletea na yeye moja.

Kuanzia hapo kila mtu akawa na jibu lake. Danford alisema petroli ya siku hizi inachanganywa na maji. Mapacha walisema mto umechimbika katikati, ng'ombe wanapita pembeni. Philomena alisema, kwa sauti ya kusikika lakini bila kumwelekea mtu, kwamba gari lililobeba majeneza haliwezi kuwa na akili timamu. Method alisema shemeji aliingia polepole.

"Ningeingia haraka ingekuwaje?"

"Ungekuwa umeshatoka."

Mjomba aliyasikiliza yote, na kila moja aliliamini kwa nusu siku. Alikwenda mtoni akapapasa zege kwa miguu: halikuchimbika. Alibadilisha kituo cha mafuta. Alimwomba katekista aliombee gari, na katekista akauliza kama ni la Mkatoliki. Usiku alikuwa anaamka kunusa oili. Maana siku za Gloria za kwenda kusubiria mjini zilikuwa zinafika, mvua haikuwa na mpango wa kuacha, na magari mengine hayavuki. Bodaboda mmoja aliyeulizwa alilitazama tumbo la Gloria, akautazama mto, akakumbuka ana safari ya Nyashimo. Lililobaki ni lile lile gari ambalo likizimika tena katikati ya maji na yeye ndani, hakuna anayejua lolote, hata mwenye gari.

"Baba Anna, litavuka?" Gloria alimuuliza.

"Lilikuwa linavuka," mjomba alijibu, na hilo halikuwa jibu la swali lile.

Alichokuja kukiona alikiona kwa uvivu. Mchana mmoja alijilaza kwenye kivuli cha gari, kichwa chini ya bampa, akiwaza, au amelala, mimi sitofautishi. Tukasikia kimya cha mtu aliyeacha kukoroma. Alitoka na kitu kwenye kiganja, akaja nacho mpaka Gloria alipokuwa anachambua mchicha. Kilikuwa kiluwiluwi, kimekauka kama punje ya chai.

"Kilikuwa kwenye koni," alisema. "Kiluwiluwi kilikuwa kinatafuta nini kwenye chujio la hewa?"

"Labda hewa baridi," Gloria alisema.

Mjomba hakucheka. Alikitazama kile kiluwiluwi, akalitazama gari, kisha akaondoka kwa miguu kuelekea kwa kaka zake. Alirudi akiswaga dume la plau.

Majirani walitoka. Kwa kweli na mimi ningetoka hata kama nisingekuwa pale. Mtu mzima anamleta ng'ombe mbele ya gari, anamsimamisha bega kwa bega na taa ya mbele, anamwambia, "Tulia, baba."

"Anamwonyesha nini?" mmoja aliuliza.

"Anabadilishana. Anataka kurudisha gari achukue ng'ombe."

"Mzee wake atafurahi."

Mjomba akachuchumaa. Akaweka kiganja kwenye goti la dume, akalisogeza lile goti hewani, yaani mkono wake, taratibu bila kupanda wala kushuka, mpaka kwenye bampa. Mkono ukafika. Koni ilikuwa chini ya mkono. Siyo chini kidogo, chini kabisa, karibu na kwato. Akasimama, akafungua boneti, akagusa mahali pale palipokuwa na boksi jeusi, akarudisha mkono kwa ng'ombe. Ulifika kifuani.

"Zamani lilikuwa linapumulia kifuani," alisema. "Sasa linapumulia kwenye kwato."

Dume likalamba bampa.

Ungetegemea atafurahi, amelipata. Mimi naona ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Miaka yote ile alidhani anaujua mto, kumbe alichokuwa anakijua ni boksi la plastiki ambalo hakuwahi kuliangalia. "Kwa hiyo goti ni lile lile," alirudia, "maji ni yale yale, na mimi ni yule yule."

"Shemeji," Method alianza, miwani mkononi, "Mwanza wote wanafunga hivi."

"Mwanza mna drifti?"

"Mjini tuna lami."

"Basi tutalifunga kiangazi," mjomba alisema kwa upole, maana zawadi ni zawadi. "Sasa hivi nitolee, unirudishie lile boksi la zamani."

Ndipo wote tukageuka kutazama upande wa jiko. Ndani ya boksi, kuku wa mama mkwe alikuwa amelalia mayai, macho nusu, manyoya yamejaa mpaka pembeni.

Sasa, kwetu mama mkwe humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja, na kitu alichokishika yeye hukishiki wewe. Kwenda kumnyang'anya kuku anayelalia ni jambo ambalo hata katekista hana sala yake. Mjomba alisimama nyuma ya ukuta wa jiko. Philomena alikuwa upande wa pili. Gloria alikaa mlangoni kati yao, na nathubutu kusema alikuwa anaburudika.

"Mama Anna," mjomba aliuambia ukuta, "mwambie mayu kwamba gari linaliomba boksi lake."

"Mama, gari linaliomba boksi lake."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," Philomena alisema. "Muulize baba Anna, gari si lilisema halilitaki?"

"Anasema lilisema halilitaki."

"Mwambie lilidanganywa."

Method akatazama chini.

"Kuku anayelalia hahamishwi," Philomena aliendelea. "Akihama anaacha mayai. Muulizeni huyo kijana hapo, si alisomea mifugo?"

Wakanigeukia. Nikasema ni kweli, anaweza kuacha, na pia anaweza asiache.

"Hiyo ndiyo diploma?" Philomena aliuliza.

"Nusu yake, bibi."

"Inaonekana."

Mjomba alikuna kichwa. Ndipo Gloria akaacha kutabasamu. Akaweka mkono tumboni.

"Mama, mimi ndiye nitakayekaa ndani ya hilo gari," alisema.

Tukamsikia Philomena akisogeza vyombo. Baada ya muda akatokea mlangoni, uso ameupeleka kwenye shamba la pamba ili mkwe naye awe na mahali pa kuupeleka uso wake, na mikononi ana beseni. Ndani ya beseni kuna majani, mayai, na kuku juu yake akiwa na hasira za kiserikali. Boksi jeusi lilibaki jikoni, tupu.

"Lakini simwachi hapa," alisema. "Tunakwenda naye."

Method alilifunga boksi mwenyewe, bila miwani. Alilipangusa ndani, akatia chujio jipya, akakaza kila skrubu, kisha akakaza tena zile alizokwisha kukaza.

Siku ya safari mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Gloria alikaa mbele. Nyuma kulikuwa na mimi, Method, na katikati yetu Philomena na beseni lake. Mjomba alikiona hicho kikao kwenye kioo cha ndani, akakigeuza kioo kikatazama dari, maana asingeweza kuendesha huku anamtazama mama mkwe machoni. Kwa hiyo tuliondoka na dereva asiyejua kinachomfuata.

Mtoni akazima. Akaenda jiweni. Ng'ombe walichelewa. Walipokuja, maji yaliwafika gotini, yakaishia hapo. Mjomba hakusema goti. Alirudi kwenye gari, akainama mbele ya bampa, akatazama pale koni ilipokuwa. Hapakuwa na kitu. Akapapasa. Akaingia, akafunga mkanda ambao hajawahi kuufunga.

"Goti lipo?" Gloria aliuliza.

"Lipo."

"Basi twende."

Tukaingia. Gari halikunguruma tena. Lilirudia kukohoa kwake kwa zamani. Maji yakapanda kwenye bampa, yakapita juu ya pale palipokuwa na koni. Katikati kabisa, pale pale, injini ikakwama kidogo, ikapiga chafya. Method akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mjomba hakukanyaga wala hakuachia. Alibaki vile vile, mdomo wazi, kama mtu anayemsikiliza mwingine akimalizia sentensi. Ikapiga chafya ya pili. Kisha ikaendelea. Tairi za mbele zikagusa ukingo, zege likaisha, tope likaanza, na kuku akawa wa kwanza kusema kitu.

Mjomba hakusimama mpaka Dutwa. Yakobo akafungua boneti, akafungua boksi, akatoa unyoya mmoja wa kuku uliokuwa umenasa juu ya chujio.

"Hii nayo imepitia wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza.

Mtoto alizaliwa salama Bariadi, wa kiume, kwa upasuaji kama nesi alivyosema. Mayai mengine yalitotolewa uani kwa ndugu tuliofikia, mengine hayakutotolewa, na Philomena anasema yale yasiyototolewa ni ya baba Anna. Gari linavuka kama zamani. Ukipanda mvua ikinyesha linanuka banda.

Lakini mjomba amebadilika kitu kimoja. Akishatazama magoti ya ng'ombe, anakuja mbele ya bampa, anainama, anapapasa huko chini ambako hakuna kitu, ndipo anaingia. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini, wakati boksi liko juu.

"Najua liko juu," alisema, akifunga mkanda.

Akakaa kidogo na ufunguo mkononi.

"Zamani hata mto nilikuwa naujua," alisema, na akawasha.